Mwenye Duka Aliyepima Maneno

Mtu tunayemtembelea wiki hii hakuwa Mkristo, na hatutajaribu kumfanya awe Mkristo baada ya kufa kwake. Alikuwa rabi wa Kiyahudi, akaishi hivyo na akafa hivyo. Tumemchagua kwa sababu moja. Sisi tukihubiri juu ya ulimi, tunasoma Yakobo sura ya tatu, tunasema amina kwa nguvu, halafu tukifika nje pale kwa geti tunaulizana kama ni kweli fulani na mkewe hawaongei. Huyu mzee alilichukua jambo hilo moja, kusengenya, akalichimba kama mtu anayechimba kisima mpaka afikie maji. Na alichokikuta huko chini si kile wengi wetu tunachodhani.

Jina lake lilikuwa Israel Meir Kagan. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1830 katika mji mdogo wa Zhetl, ambao leo uko nchi ya Belarus lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake, Aryeh Zev, alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Mama akamchukua kijana wake wakaenda Vilna, mji uliojaa wasomi wa torati, ili asikose masomo kwa sababu ya uyatima. Kina mama mliobaki na watoto mnajua safari kama hiyo inagharimu nini.

Baadaye mama aliolewa tena, na mtu wa mji mwingine mdogo uitwao Radin. Yule baba wa kambo alikuwa na binti, Frieda, na Israel Meir alipofika miaka kama 17 akamwoa. Najua kwa mila za wengi wetu hapo kungeitishwa kikao cha wazee. Lakini hawakuwa damu moja, torati haikatazi, na ndoa hiyo ilimfanya mtu wa Radin kwa maisha yake yote.

Alihudumu kidogo kama rabi wa mji, akaacha. Hakupenda kuishi kwa mshahara wa utumishi. Wakafungua duka dogo la vyakula, Frieda akiwa ndiye anayeliendesha, yeye akisoma na kuandika. Lakini kazi moja ya dukani hakumwachia mtu: mizani. Alikuwa anakagua mawe ya kupimia na vipimo vyote, tena na tena, kwa hofu kwamba labda mtu ameondoka na chumvi pungufu bila kujua. Inasimuliwa kwamba watu walipogundua kuna duka lisiloibia mtu, wote wakahamia hapo. Nani angekataa? Lakini yeye alikosa usingizi. Aliona wenye maduka wengine wanakosa wateja kwa sababu yake, na ati akaanza kufunga duka mapema kila siku ili majirani nao wauze. Mwishowe duka lilifungwa kabisa.

Shika hiyo picha ya mizani. Ukifungua Mambo ya Walawi 19, mstari wa 35 na wa 36 Mungu anaagiza vipimo vya haki na mawe ya haki. Panda juu kidogo katika sura hiyo hiyo, mstari wa 16, utakuta katazo la kuzunguka kati ya watu ukichukua maneno ya masingizio. Ni sura moja, yenye mizani ya unga na mizani ya mdomo. Yule mwenye duka alizisoma zote mbili kama amri za Mungu yule yule, kitu ambacho wafanyabiashara wengi waliookoka na waombaji wengi waliookoka hawajafanya.

Mwaka 1873, huko Vilna, kikatoka kitabu bila jina la mwandishi. Kiliitwa Chofetz Chaim, maneno ya Kiebrania yenye maana ya mtu atakaye uzima. Jina lilitoka Zaburi 34:12-13, pale Daudi anapouliza ni nani apendaye maisha na siku njema, kisha anamwambia auzuie ulimi wake na mabaya. Mwandishi alikuwa ni yule wa dukani Radin. Alikuwa anatembea mji kwa mji akikiuza mwenyewe, na alikuwa anakagua nakala moja moja asije akamuuzia mtu kitabu chenye ukurasa uliokosekana. Mizani tena. Haikuchukua muda watu wakajua ni nani, na wakamwita kwa jina la kitabu. Mpaka leo Wayahudi wengi ukiwatajia rabi Kagan watafikiri kidogo, lakini ukisema Chofetz Chaim watajua mara moja unamsema nani.

Kwa nini kitabu kizima juu ya kusengenya? Kwa sababu sheria zilikuwepo lakini zimetawanyika. Kidogo kwenye Talmud, kidogo kwa Maimonides, kidogo kwa Yona wa Gerona wa karne ya 13. Kulikuwa na vitabu vya sheria za Sabato, vya chakula, vya sala, na watu walivichambua sana. Mtu angeweza kumsumbua rabi wiki nzima juu ya sufuria moja kama ni halali, halafu jioni akamchinja jirani yake kwa maneno bila kuuliza mtu. Israel Meir alikusanya yote akayapanga kama sheria, sura kumi juu ya maneno mabaya na sura tisa juu ya uchochezi, na chini ya kila ukurasa akaonyesha kila jambo limetoka wapi. Mwanzoni alihesabu amri ambazo msengenyaji anaweza kuzivunja kwa maneno yake: makatazo 17 na maagizo 14. Jumla 31, na mtu huyo pengine alikuwa amekaa tu anakunywa chai.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo wengi tunateleza. Sisi tukikamatwa tunasengenya, huwa tunajitetea kwamba tunasema ukweli. Kwa mzee huyu utetezi huo ndio ungama lenyewe. Walimu wa Kiyahudi wanatofautisha. Kumzulia mtu uongo ni dhambi yenye jina lake, mbaya zaidi. Lakini lashon hara, yaani ulimi mbaya, ni kusema jambo la KWELI linalomshusha mtu au kumletea hasara, pasipo sababu ya haki. Halafu kuna rechilut, kubeba maneno kutoka kwa huyu kumpelekea yule, ili huyu ajue yule alisema nini juu yake.

Mfano wake ni Doegi Mwedomi, 1 Samweli 22. Doegi hakumdanganya Sauli. Aliona Ahimeleki kuhani akimpa Daudi mkate na upanga, akaenda akasema alichokiona. Ahimeleki mwenyewe asingekana kwamba alimpa. Lakini kwa yale maneno ya kweli, makuhani 85 wa Bwana walikufa siku moja, na mji wa Nobu ukapigwa kwa upanga hadi watoto wachanga. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye anasema tu ukweli, mwulize anampelekea Sauli gani.

Na Miriamu naye. Hesabu 12 inatuonyesha dada mkubwa, nabii wa kike, aliyemsema ndugu yake juu ya mke wake, na akapigwa na ukoma. Musa anawaagiza Israeli walikumbuke jambo hilo, Kumbukumbu la Torati 24:9. Rabi huyu aliliweka hilo katika yale maagizo 14: kumbuka Miriamu, mtu aliyempenda ndugu yake toka utotoni na bado ulimi ukamponyoka.

Alifuata ulimi mpaka mahali unapojificha. Alisema kuandika ni kama kusema. Kukonyeza jicho ni kama kusema. Yaani hata zile emoji tunazotuma kwa kundi la WhatsApp bila neno lolote, angekuwa na sura yake. Kumwambia mkeo usiku yale uliyoyasikia kwenye kikao nako ni kusengenya, asidanganyike mtu kwamba kitanda cha ndoa kinatakasa habari za watu. Hata ule utetezi kwamba kila mtu anajua, kwamba jambo limeshasemwa mbele ya watu watatu, aliuminya ukabaki mlango mwembamba sana.

Kisha kuna kile walimu wao wanakiita vumbi la ulimi mbaya. Hujasema jambo, lakini umelirushia vumbi. Mfano ni mtu kusema wacha tu, sitaki kuzungumza habari za fulani, sitaki kusema kilichotokea. Jamani! Hiyo tunaifahamu. Kwetu inavaa hata nguo za kiroho: mtu anasimama kwenye ushirika wa nyumbani, anaomba tumkumbuke dada fulani kwa maombi, anatikisa kichwa, anaongeza kwamba hataki kusema mengi. Watu kumi wanarudi nyumbani na maswali kumi, na dada huyo hakuombewa hata dakika mbili.

Msikilizaji naye hakuachwa. Waalimu wa Talmud walifundisha kwamba ulimi huu unaua watatu: msemaji, msikilizaji na msemwa. Ukisikia, usiamini. Wahenga wetu wana msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Chofetz Chaim asingekubaliana nasi hapo. Kwake lisemwalo ni maneno tu, na yatabaki maneno mpaka yathibitishwe.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana juu yake, na naiweka hapa kama inavyosimuliwa. Alikuwa safarini na rabi mwingine, wakala chakula kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Mama akauliza chakula kilikuwaje. Chofetz Chaim akasema kilikuwa kizuri. Mwenzake akasema kilikuwa kizuri ila chumvi tu ilizidi kidogo. Mama akaenda jikoni. Uso wa mzee ukabadilika, akamwambia mwenzake kwamba wamemsengenya mtu. Mwenzake akashangaa, yaani chumvi tu? Wakainuka wakaenda mpaka jikoni, na huko wakamkuta mpishi, mjane maskini, akilia, mwenye nyumba amemfokea, na mjane kwa hofu ya kufukuzwa anakana kwamba hakuzidisha kitu. Yule rabi akaanza kuomba msamaha na kumsihi mama asimwachishe kazi. Tazama ni kitu kidogo namna gani. Hakuna aliyedanganya. Chumvi kweli ilizidi.

Wengi wakisikia haya wanahitimisha kwamba huyu mzee alifundisha watu kunyamaza. Hapo ndipo namtaka msomaji asikimbie, kwa sababu tukikosea hapa tutaumiza watu.

Rudi Walawi 19:16. Mstari huo una nusu mbili. Nusu ya kwanza inakataza kuzunguka na maneno. Nusu ya pili inakataza kusimama kinyume cha damu ya jirani yako, na Wayahudi tangu zamani wameisoma kwamba usisimame kando ukitazama mwenzako anaangamia na wewe ungeweza kumwokoa. Chofetz Chaim hakuitenga nusu moja na nyingine. Alisema mtu anayejua kwamba mwenzake anakaribia kuumizwa na akanyamaza kwa kuogopa kusengenya, huyo naye amevunja torati, mstari ule ule mmoja.

Mwishoni mwa kitabu aliweka mifano ya maisha. Mtu anataka kuingia ubia wa biashara na mwizi, na wewe unajua. Lazima umwambie. Kijana amechumbiwa, na upande mmoja kuna ugonjwa mzito uliofichwa kwa makusudi. Lazima aambiwe. Sio kwamba unaruhusiwa ukipenda, unawajibika. Huku kwetu ungeongeza mama anayetaka kutoa akiba yake yote kununua shamba kwa mtu ambaye wewe unajua ameshauza shamba hilo hilo mara tatu. Ukikaa kimya ati hutaki kusema watu, haujashika ulimi wako. Umeshika mlango ili mwizi apite.

Lakini kabla ya kufungua mdomo, kuna mizani. Juu ya mtu aliyemdhulumu mwenzake na hajarudisha, aliweka masharti saba ya kumsema, na ukiyasoma polepole unatoka jasho. Uwe umeona mwenyewe, au kama ulisikia, uwe umethibitisha. Usikimbilie kuliita jambo wizi au dhuluma kabla hujalitafakari, maana pengine kisheria siyo. Umwendee mhusika kwanza, kwa upole, pengine atarekebisha. Usiongeze hata kidogo. Nia yako iwe kusaidia aliyeumizwa, siyo ule utamu unaousikia ndani ukimwona mtu fulani anashuka. Kama kuna njia nyingine ya kumsaidia bila kumtaja mtu, tumia hiyo. Na mhusika asipate adhabu kubwa kuliko ile ambayo baraza la haki lingempa.

Hilo la kumwendea mhusika kwanza lisitumike vibaya. Yeye mwenyewe aliona kwamba kuna mtu ambaye ukimwonya hasikii, na kuna ambaye ukimwonya unampa nafasi ya kuharibu zaidi, na hapo sharti linabadilika. Na nasema hivi kwa wachungaji na wazee wa kanisa, kwa heshima yote: mtoto akija akisema ameguswa vibaya na mtu mzima, hata kama mtu huyo anashika kipaza sauti Jumapili, hiyo siyo habari ya kufunikwa kwa jina la kutomsema mpakwa mafuta. Siyo pia habari ya kumwita mshukiwa na mtoto wakae meza moja wapatane. Inapelekwa kwa wenye mamlaka ya kuchunguza, siku hiyo hiyo, kwa sababu damu ya jirani iko pale. Na mhudumu wa namna hiyo akihamia tawi lingine na barua nzuri, walioandika barua hiyo wamesimama kando wakitazama.

Je, kama hatuna uhakika? Hapo ndipo naona hekima kubwa kuliko zote katika kitabu hicho, na wameichota kwa habari ya Gedalia, Yeremia 40 na 41. Baada ya Yerusalemu kuanguka, mfalme wa Babeli alimweka Gedalia awe mtawala huko Mispa. Yohanani mwana wa Karea akaja akamwonya kwamba Ishmaeli mwana wa Nethania ametumwa kumwua. Gedalia alikuwa mtu mwema. Alikataa kuamini, akasema Yohanani anamzulia Ishmaeli. Akamkaribisha Ishmaeli, wakala chakula pamoja, na Ishmaeli akamwua pale pale mezani, pamoja na waliokuwa naye. Mpaka leo Wayahudi wanafunga siku moja kila mwaka kwa huzuni ya kifo hicho.

Waalimu wao waliuliza, Gedalia alikosea nini? Si alifanya vizuri kukataa masengenyo? Jibu lao ni kwamba alipaswa kutoamini NA bado kujihadhari. Chofetz Chaim akaifanya sheria: ukisikia neno zito juu ya mtu, usimhukumu moyoni, usimwondolee salamu, usimpunguzie heshima wala msaada, lakini funga mlango wako. Usiamini, ila linda. Kama kuna mnong'ono juu ya mweka hazina wa chama, huna haki ya kumwita mwizi, lakini una haki ya kuomba hesabu zikaguliwe na watu wawili. Kama mzazi amesikia jambo juu ya mwalimu, asimchafue kwa mtaa, lakini asimwache mtoto naye peke yake wakati jambo linachunguzwa. Hivyo mtu asiye na hatia hajapoteza jina, na mtoto hajapotea.

Na aliyeumizwa je, ambaye hana kesi ya kupeleka popote, ana uchungu tu? Kuna maneno mafupi pembeni ya sura ya kumi ambapo rabi huyo anakubali kwamba mtu anayemwambia mwingine ili mzigo utoke moyoni, huenda naye ana sababu ya haki. Ni kimlango kidogo, lakini alikiacha wazi. Mama aliyepigwa usiku kucha akimwendea mama mwenzake anayeaminika akalia, asiambiwe kwamba anamsengenya mumewe.

Maisha mengine ya mzee nitayapitia haraka. Tangu 1869 watu walikuwa wameanza kukusanyika Radin kusoma kwake, na hicho kikawa chuo kikubwa cha torati. Aliwaandikia kitabu vijana wa Kiyahudi waliochukuliwa jeshini na Warusi, na kingine wale waliohamia Marekani, ili wasipoteze imani huko. Aliandika juu ya kukopesha maskini. Kazi yake kubwa zaidi kwa wasomi ni ufafanuzi wa sheria za kila siku, majuzuu sita, uliomchukua kutoka 1884 hadi 1907. Uzeeni aliunga mkono shule za wasichana, wakati wazee wengi wa dini walikuwa bado wanasitasita.

Vilipokuja Vita vya Kwanza vya Dunia, aliona kwa macho yake neno la uongo linavyoweza kulipata taifa zima. Jeshi la Urusi liliwashuku Wayahudi kwamba ni wapelelezi wa Wajerumani, na mwaka 1915 likawafukuza maelfu kwa maelfu kutoka makwao karibu na mstari wa vita, wazee, wagonjwa, watoto. Yeye naye alikimbilia ndani Urusi na baadhi ya wanafunzi wake, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akarudi Radin mwaka 1921 na kukuta mji sasa uko chini ya Poland.

Katika kipindi hicho cha tuhuma mwanafunzi wake mmoja alishtakiwa kwa upelelezi, na mzee akaja mahakamani kumshuhudia tabia. Inasimuliwa kwamba wakili, ili hakimu ajue shahidi ni mtu wa aina gani, alieleza kwamba siku moja mwizi alimwibia huyu mzee, naye akamkimbiza barabarani akipaza sauti kwamba amemsamehe na kile kitu ni chake sasa, ili mwizi asiwe na dhambi. Hakimu akamuuliza wakili kama yeye mwenyewe anaamini hadithi hiyo. Wakili akajibu kwamba hajui, ila anachojua ni kwamba juu yake yeye na juu ya hakimu, watu hawasimulii hadithi kama hizo. Hiyo nayo, mpendwa, ni habari iliyobebwa na watu kutoka mdomo hadi mdomo, na mzee angetuuliza tumeithibitisha wapi. Hata sifa zake mwenyewe hakupenda zitembezwe.

Alifariki Radin siku ya Ijumaa, tarehe 15 Septemba 1933, akiwa amepita miaka 90. Miaka tisa baadaye, Mei 1942, Wanazi waliwaua Wayahudi wa mji huo. Chuo kilikuwa kimeshatawanyika. Kitabu kilibaki. Kimegawanywa kwa kalenda, kipande kidogo kwa kila siku, na Wayahudi katika nchi nyingi wanakisoma hivyo hadi leo. Wakifika ukurasa wa mwisho, wanarudi wa kwanza.